Kwa nini wazee wa Le Chambon hujibu kwa maneno machache?

Mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari wilayani Ngara ameniandikia hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tano filamu ya Pierre Sauvage iitwayo Weapons of the Spirit, inayohusu Le Chambon, kijiji cha Ufaransa kilichowaficha Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nilitarajia waulize kuhusu Hitler na kambi za mauaji. Badala yake waliniuliza jambo lililonishinda. Kila mzee anapoulizwa kwa nini alihatarisha maisha yake, anajibu kwa maneno mawili matatu, kana kwamba ameulizwa kwa nini hufunga mlango usiku. Mwanafunzi mmoja akasema kwamba ama wazee wale wanaficha jambo, ama filamu inawapamba. Nimjibuje?"

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba wazee wale hawafichi kitu. Majibu yao ni mafupi kwa sababu uamuzi anaoutafuta muulizaji haukufanyika siku ile Myahudi alipobisha hodi. Ulikuwa umeshafanyika zamani, na sehemu yake kubwa ilifanywa na watu wengine waliowatangulia. Mkimbizi aliyefika mlangoni alikuta nyumba, shule, kanisa na desturi ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikipokea wageni. Jambo jipya lilikuwa moja tu, nalo ni zito: sasa serikali ya nchi yenyewe ndiyo iliyowawinda wageni hao. Ama kuhusu kupamba, filamu inapamba kidogo, na nitakuonyesha mahali penyewe.

Nianze na aliyeitengeneza, kwa kuwa bila kumjua hatuwezi kuelewa kwa nini anauliza maswali yake jinsi anavyoyauliza. Pierre Sauvage alizaliwa Le Chambon-sur-Lignon mwezi Machi 1944, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliojificha hapo. Mwaka 1948 familia ilihamia New York, na wazazi waliamua kutomwambia mtoto asili yake. Alipata kujua kwamba yeye ni Myahudi alipofikisha umri wa miaka 18. Aliporudi kijijini akiwa mtu mzima na kamera yake, alikuwa mtoto aliyeokolewa, aliyekuja kuwahoji watu ambao bila wao asingalizaliwa. Ndiyo maana hawahoji kwa ukali. Anakaa nao jikoni na uani, anawaachia wanyamaze, na mara nyingi anaiacha kamera iendelee kuwatazama baada ya jibu kwisha. Wazee hao walikuwa wakulima wa milimani, watu wasiopenda kujisemea, na miaka ipatayo arobaini ilikuwa imepita. Walipoulizwa kwa nini, waliinua mabega, wakasema kwamba watu walikuwa na shida, na kwamba lilikuwa jambo la kawaida.

Mtazamaji wa leo hulichukulia jibu hilo kuwa ni unyenyekevu. Mimi nalichukulia kuwa ni taarifa sahihi ya kihistoria, na ili kulithibitisha inatubidi turudi nyuma kuliko filamu inavyorudi.

Le Chambon ipo katika uwanda wa juu wa Vivarais-Lignon, kusini ya kati ya Ufaransa, karibu mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Majira ya baridi huko ni marefu, na upepo wa kaskazini uitwao burle husukuma theluji hadi ikaziba barabara. Wakazi wake wengi walikuwa Waprotestanti, wazao wa Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa wa zamani, katika nchi ambayo Wakatoliki ndio walio wengi mno. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa imewapa Waprotestanti haki ya kuabudu tangu 1598. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata, mpaka amri ya uvumilivu ya mwaka 1787, ibada yao ilikuwa kosa la jinai. Walikusanyika msituni na mabondeni, wakificha Biblia na kuwalaza wachungaji wao nyumba hii leo na ile kesho. Wanaume waliokamatwa walipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Wanawake walifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes, na mmoja wao, Marie Durand, aliyetoka katika eneo hilohilo la Vivarais, alikaa humo miaka 38 ilhali angeweza kutoka siku yoyote kwa kuikana imani yake. Mtoto wa Le Chambon alikua akisikia habari hizo nyumbani na kanisani. Alijua kwamba serikali inaweza kukosea, kwamba polisi wanaweza kuja usiku kumtafuta mtu asiye na hatia, na kwamba babu zake hawakumtoa mtu wa namna hiyo.

Jambo jingine ni kwamba watu hao walilisoma Agano la Kale kama habari ya jamaa zao. Miongoni mwao walikuwamo Wadarbi, kikundi cha Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, waliojitenga hata na kanisa la Waprotestanti wenzao, ambao kwao Myahudi alikuwa mtu wa taifa teule la Mungu, anayestahili heshima kabla hajafungua kinywa. Mama Marie Brottes, mmoja wa wanaoonekana katika filamu, ni mcha Mungu wa aina hiyo, na maneno yake yanatoka moja kwa moja katika Biblia. Sehemu kubwa ya Ulaya ya wakati ule ilikuwa na Wakristo waliofundishwa kuwachukia Wayahudi kwa jina la dini hiyohiyo. Kwa hiyo tusiseme tu kwamba dini iliwafanya wema. Tuangalie ni dini iliyosomwa namna gani, na watu waliokuwa na kumbukumbu gani.

Filamu hailisemi vya kutosha jambo la tatu, ambalo mimi naliona kuwa na uzito usiopungua hayo mawili. Tangu 1893 mchungaji Louis Comte alikuwa ameanzisha utaratibu wa kuwatoa watoto wa maskini katika mji wa viwanda na makaa ya mawe wa Saint-Étienne na kuwapeleka milimani wakapate hewa safi na chakula. Wakulima wa uwanda ule waliwapokea watoto hao majumbani mwao na kulipwa kidogo kwa ajili ya matunzo. Baadaye zikaongezeka nyumba za kupangisha wageni wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 wakaja wakimbizi wa vita vya Hispania, kisha Wajerumani waliomkimbia Hitler. Mwaka 1938 mchungaji André Trocmé na mchungaji mwenzake Édouard Theis wakafungua shule ya sekondari iliyokuja kuitwa Collège Cévenol, ikianza na wanafunzi 18. Kwa hiyo ilipofika 1940, mtoto mgeni asiyejulikana ukoo wake, mwenye lafudhi ya mbali, akitembea barabarani na begi mkononi, hakuwa mtu wa kushangaza katika kijiji kile. Jirani hakuuliza. Palikuwa na vitanda, palikuwa na wapishi waliozoea kupika sufuria kubwa, na palikuwa na shule ambayo ilikuwa sababu halali ya kijana kuwapo hapo.

Sasa tuje kwenye vita. Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano na Ujerumani tarehe 22 Juni 1940. Siku iliyofuata, Jumapili, Trocmé na Theis waliwasomea waumini wao tamko, na humo ndimo jina la filamu lilimotoka. Walisema kwamba wajibu wa Wakristo ni kuyakabili mabavu yatakayotumika juu ya dhamiri zao kwa silaha za Roho. Kwamba watakataa kutii kila watakapoamriwa jambo lililo kinyume cha Injili. Na kwamba watafanya hivyo bila woga, bila majivuno na bila chuki. Waeleze wanafunzi wako tarehe hiyo kwa msisitizo. Sheria ya kwanza ya serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, dhidi ya Wayahudi ilitolewa tarehe 3 Oktoba 1940. Wachungaji wale walikuwa wameshawaambia watu wao watakachofanya miezi mitatu kabla ya sheria hiyo kuandikwa, na kabla mkimbizi wa kwanza wa wakati wa vita hajagonga mlango wao.

Kuhusu kugonga huko, kuna kisa ambacho Magda Trocmé, mke wa mchungaji, alikieleza mara kwa mara baada ya vita. Majira ya baridi ya mwaka 1940 kuelekea 1941, theluji ikiwa imejaa, mwanamke Myahudi kutoka Ujerumani alifika mlangoni kwake akitetemeka na kuuliza kama angeweza kuingia. Magda akamwambia aingie. Akamkalisha karibu na jiko, akampa chakula, na viatu vyake vilivyolowa akaviweka vikauke. Kisha akaenda kwa meya wa kijiji kuomba hati, kwa maana bila hati hapakuwa na kadi ya mgao wa chakula, na bila kadi ya mgao mtu hangeweza kununua mkate wala kupata viatu. Meya alikataa, alisema kwamba mama huyo angekihatarisha kijiji kizima, na akataka aondoke. Aliporudi nyumbani, Magda alikuta viatu vimeungua. Ikambidi atafute viatu vingine wakati ambapo viatu havikupatikana bila kibali, na atafute nyumba nyingine ya kumpeleka mgeni wake.

Katika kisa hicho, uamuzi wa kumkaribisha mtu ulichukua muda wa kutamka neno moja. Kazi yote ilikuwa baada ya hapo: kadi, viatu, nyumba ya pili, mtu wa kuaminika wa kumsindikiza. Anayehoji hutaka kusikia habari ya lile neno moja la mlangoni, na mhojiwa hana mengi ya kusema juu yake. Angeulizwa habari ya viatu, angezungumza hadi jioni.

Walioandaa hati wangekuwa na mengi zaidi ya kusimulia. Oscar Rosowsky alikuwa kijana Myahudi aliyetamani kusomea udaktari lakini akafungiwa njia na sheria za Vichy. Alipofika uwandani akawa mtengenezaji mkuu wa vitambulisho bandia, akiishi katika shamba la Henri na Emma Héritier, wakulima ambao nao tunawaona katika filamu. Kitambulisho kimoja kilihitaji karatasi, picha, sahihi ya ofisa, mhuri wa mji ambao polisi hawangeweza kuuhakiki kwa urahisi, na jina litakaloendana na lafudhi ya mwenyewe. Baada ya kitambulisho kilihitajika kitabu cha mgao, la sivyo mtu angekuwa na jina halali na tumbo tupu. Baada ya vita Rosowsky alisoma na kuwa daktari kweli. Bibi na Bwana Héritier, kwa kadiri unavyoweza kuwasikia wakizungumza, hawaoni kwamba walifanya jambo la kupigiwa tarumbeta.

Palihitajika pia fedha na mawasiliano na nje, kwani wakulima maskini wasingeweza kulisha maelfu ya watu kwa viazi vyao peke yao. Wakweka wa Marekani, Wakristo wanaopinga vita, waliokuwa wakitoa msaada katika kambi za kuzuilia wakimbizi kusini mwa Ufaransa kama vile Gurs na Rivesaltes, walimwambia Trocmé kwamba wangeweza kuwatoa watoto humo iwapo ingepatikana jumuiya iliyo tayari kuwapokea. Shirika la Uswisi la kuwasaidia watoto lilifungua nyumba kadhaa kijijini, ya kwanza ikiwa La Guespy mwaka 1941. Cimade, shirika la vijana wa Kiprotestanti lililoongozwa na Madeleine Barot, lilikuwa na nyumba yake huko, na baadaye likawa likiwavusha watu kwa siri hadi Uswisi. Watu wanaosimulia habari hizi hupenda kumtaja mchungaji mmoja shujaa. Trocmé alikuwa kiongozi kweli, lakini hakuna mtu mmoja aliyeweza kufanya haya, na yeye wala mkewe hawakudai hivyo.

Kiangazi cha 1942 mambo yalifika ukingoni. Tarehe 16 na 17 Julai polisi wa Ufaransa waliwakamata Wayahudi zaidi ya 13,000 jijini Paris, watoto wakiwamo, wakawafungia wengi wao katika uwanja wa mashindano ya baiskeli wa Vélodrome d'Hiver. Tarehe 10 Agosti Georges Lamirand, aliyesimamia masuala ya vijana katika serikali ya Vichy, alikitembelea Le Chambon. Wanafunzi wa shule walimkabidhi barua wakisema kwamba wamesikia yaliyotokea Paris, kwamba miongoni mwao wamo Wayahudi, kwamba hawawatofautishi na wengine, na kwamba wakiamriwa kuwatoa wenzao watawaficha. Trocmé aliandika baadaye kwamba yeye mwenyewe alimwambia mkuu wa mkoa aliyefuatana na mgeni huyo: "Hatujui Myahudi ni nini. Tunajua binadamu tu." Wiki chache baadaye magari ya polisi yalipanda mlimani kuja kuwasomba Wayahudi wa kigeni. Walipekua mashamba kwa siku nyingi, wakaondoka karibu mikono mitupu, kwa kuwa taarifa zilikuwa zimetangulia na waliotafutwa walikuwa msituni au katika mashamba ya mbali.

Lamirand mwenyewe alikuwa bado hai wakati Sauvage anarekodi, naye anaonekana akihojiwa. Nakushauri uwarudishie wanafunzi wako sehemu hiyo. Mlinganishe mzee huyo, mwenye lugha laini ya mtu aliyezoea ofisi, na wakulima wasiomaliza sentensi zao. Aliyekuwa upande wa serikali ndiye mwenye maelezo mengi.

Tarehe 11 Novemba 1942 Wajerumani waliingia pia sehemu ya kusini ya Ufaransa, na hatari ikaongezeka. Mwezi Februari 1943 Trocmé, Theis na Roger Darcissac, mkuu wa shule ya msingi, walikamatwa na kuzuiliwa kambini kwa majuma kadhaa. Tarehe 29 Juni 1943 polisi wa siri wa Kijerumani, Gestapo, walivamia nyumba ya wanafunzi iitwayo Maison des Roches, wakawachukua wanafunzi 18 pamoja na msimamizi wao, Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji. Watano kati ya wanafunzi hao walitambuliwa kuwa Wayahudi, wakapelekwa Auschwitz na kufia huko. Daniel Trocmé alikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mgonjwa wa moyo, na alifariki katika kambi ya Majdanek mwezi Aprili 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye kabla ya vita alifanya kazi Gabon katika hospitali ya Albert Schweitzer huko Lambaréné, alipigwa risasi na Wajerumani pamoja na wafungwa wengine wengi huko Saint-Genis-Laval, karibu na Lyon, tarehe 20 Agosti 1944. Eneo lile lilikombolewa majuma mawili hivi baadaye. Kwa hiyo anayesema kwamba ilikuwa kawaida hasemi kwamba ilikuwa salama.

Nimefika kwenye upande wa pili wa swali la mwanafunzi wako. Filamu inapamba wapi? Kwanza, katika hesabu. Sauvage anasema kwamba watu 5,000 wa Le Chambon na vijiji vya jirani waliwahifadhi Wayahudi 5,000. Ni sentensi inayokaa vizuri masikioni, lakini wanahistoria wengi sasa hukadiria kwamba wakimbizi wa kila aina waliopita hapo walikuwa wapatao 5,000, na kwamba Wayahudi miongoni mwao walikuwa kati ya 3,000 na 3,500. Hawakuwapo wote kwa wakati mmoja pia; wengine walikaa miaka, wengine siku chache wakielekea Uswisi. Hesabu hiyo ya chini haipunguzi kitu. Ila mwalimu wa historia anatakiwa kuitumia iliyo sahihi zaidi.

Pili, katika umoja. Meya alikataa, kama tulivyoona. Wapo waliofanya biashara kwa kupangisha vyumba, wapo waliokaa kimya tu, na kukaa kimya kwenyewe kulikuwa msaada, kwa sababu mtu mmoja mwenye kinyongo angeweza kuandika barua moja ya kuchongea na kuangamiza nyumba nzima. Hili ndilo linaloshangaza kuliko yote katika habari ya Le Chambon. Ofisi za Ufaransa wakati huo zilijaa barua za watu wanaowachongea majirani zao, na katika uwanda huu uchongezi haukupata nafasi ya kuifanya kazi yake. Filamu inawahoji Wakatoliki pia, akiwamo Bibi Marguerite Roussel, na ni vema kwamba inawahoji, kwa sababu usimulizi mwingine huwasahau.

Tatu, katika swali la maofisa. Sauvage anagusa habari ya Meja Julius Schmähling, kamanda wa Kijerumani katika mji wa Le Puy, ambaye wengine wanaamini kwamba alifumba macho kwa makusudi. Wanahistoria hawajakubaliana juu yake, na mimi ni katika wale wanaoona kwamba amepewa sifa kuliko ushahidi unavyoruhusu. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mlima, theluji, umbali kutoka barabara kuu na uchache wa majeshi viliwasaidia sana wafichaji. Hata hivyo tusidhani kwamba Wajerumani hawakuwapo kabisa: wanajeshi wao waliokuwa wakiuguza majeraha waliwekwa katika hoteli kijijini palepale, hatua chache kutoka nyumba walimokaa watoto wa Kiyahudi.

Utakapowaeleza wanafunzi haya, waonyeshe pia kwamba Ufaransa haikuwa Poland. Huko Poland Wajerumani walitoa amri mwezi Oktoba 1941 kwamba anayemhifadhi Myahudi aliyetoka katika mtaa aliofungiwa adhabu yake ni kifo, na amri hiyo ilitekelezwa, mara nyingi kwa familia nzima. Katika Ufaransa mfichaji alihatarisha kufungwa au kupelekwa kambini, na huenda asirudi, lakini hakukabiliwa na sheria ya kuuawa pamoja na watoto wake. Kutoka Ufaransa walisafirishwa kwenda kuuawa Wayahudi wapatao 76,000, na waliorudi ni kama 2,500. Pamoja na hayo, takriban robo tatu ya Wayahudi waliokuwa nchini walinusurika. Wengi wao hawakupata kijiji kama Le Chambon. Waliokolewa na mlinzi wa jengo, mtawa, mwalimu au mkulima mmoja mmoja, na ofisa aliyepiga mhuri bila kuinua macho. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya Maangamizi, imewatambua watu takriban 28,000 duniani kama Wenye Haki kati ya Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi, na kila mmoja hutambuliwa kwa ushahidi wake mwenyewe. Wakazi wa Le Chambon na vijiji jirani walitunukiwa heshima ya pamoja mwaka 1990, heshima ambayo nje ya hapo imepewa kijiji kimoja tu, Nieuwlande cha Uholanzi.

Kwa kuwa unafundisha Ngara, wanafunzi wako watakuwa wamesikia kwa wazee wao habari za mwisho wa Aprili 1994, ambapo karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Watavutwa kulinganisha, na si vibaya, mradi uwaonyeshe panapotofautiana. Aliyempokea mkimbizi Ngara aligawana naye maji, kuni na ardhi, akiwa na serikali na mashirika upande wake. Wa Le Chambon alimpokea mtu ambaye serikali yake mwenyewe ilimtaka, ilihali polisi wanaomtafuta walizungumza lugha ileile na walikuwa na karatasi zenye mhuri halali. Mfano ulio karibu zaidi na huo uko ng'ambo ya daraja, kwa Wanyarwanda waliowaficha majirani zao majumbani na mashambani mwezi huohuo.

Mtakapoitazama filamu mara ya pili, wape wanafunzi kazi hii: kila mzee anapojibu kwa ufupi, waandike si alichosema kuhusu sababu, bali alichosema kuhusu vitu. Waandike vyumba, chakula, njia, majina, hati, saa za usiku. Kisha wakuulize tena kama mzee huyo anaficha jambo.